Ampuli Mpya za Gari la Papa Yako

Aline, kipenzi changu,

Umeenda Katindo kumuaga mama mdogo wako, na najua utachelewa kwa makusudi ili ukirudi unikute nimelala. Tangu Jumapili hatuzungumzi zaidi ya "chumvi iko wapi" na "funga mulango." Masista walionifundisha walituambia kwamba barua nzuri huanza na habari za afya. Afya yangu ni nzuri. Sasa naweza kuendelea.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kusali. Hayo unayajua, na kule Kiwanja unakohamia, shangazi yako atakukumbusha hadi uchoke. Nataka kukuandikia juu ya taa za gari, kwa sababu ni juu yake tuligombana, na kwa sababu kuanzia wiki ijayo utaondoka Kiwanja kabla hakujapambazuka, upite ndani ya pori kwenda Vitshumbi kununua samaki, na mimi sitakuwa humo ndani ya gari.

Jumapili ulirudi kutoka soko la Virunga umebeba kiboksi kama mtu aliyebeba keki. Ulikifungua mezani. Zilikuwa ampuli nyeupe za taa za gari, zenye feni ndogo nyuma.

"Mama, ona. Hizi njo zinamulika. Zile zetu ziko kama mushumaa wa kanisa."

"Zirudishe kule umezitoa."

"Juu ya nini?"

"Nimesema zirudishe. Hazitaingia mu ile gari."

Ukafunga kiboksi. Kisha ukasema lile neno ambalo limekaa nami wiki nzima: "Ile usiku ya mulima, miye njo nilikuwa fare yako, taa yako ya mbele. Sasa Vitshumbi nani atatembea mbele yangu?"

Niliondoa sahani mezani kana kwamba sahani ndizo zilizoniuliza. Nakujibu leo.

Habari ya kifo cha papa yako uliipata ikiwa fupi: alipigwa risasi kwenye barieri ya askari, njia ya Sake, wakati wa vita. Ulikuwa mdogo, hata kutembea ulikuwa bado unashika kuta. Kila ulipouliza nilikupa sentensi hiyo moja, na ukaizoea. Lakini kuna sehemu ya taa ambayo sikuwahi kukueleza, na bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini mama yako, mtu mwenye akili zake, ameendesha gari kama kipofu miaka yote hii.

Unajua gari letu, kama mengi ya hapa Goma, lilitengenezwa kwa nchi ambako watu huendesha upande wa kushoto. Usukani uko kulia. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba hata taa zake zilipangwa kwa nchi hiyo. Ukiweka kode, yaani taa ya chini, mwanga unainuka kidogo upande wa kushoto ili kumulika kando ya barabara. Kwao ni vizuri. Kwetu sisi tunaopita kulia, huko kushoto ndiko wanakotoka wenzetu, na mwanga huo unawaingia machoni.

Papa yako alitaka taa kali, na alikuwa na sababu. Tangu mlima upasuke na lava kupita mjini, barabara zetu ni nyeusi, kuta zetu ni nyeusi, vumbi letu ni jeusi. Mwanga unamwagika juu yake kama maji kwenye mchanga. Jioni moja karibu amgonge mwanamke aliyebeba makala ya kupikia, mwenye kitenge cheusi na gunia jeusi. Alirudi nyumbani akaketi mlangoni bila kuvua viatu. "Mama Aline," aliniambia, "nilimuona wakati alikuwa tayari karibu na kioo." Kesho yake alinunua ampuli zenye nguvu kubwa kuliko zile gari lilizaliwa nazo, akampelekea Fundi Kasereka.

Kasereka hakuwa fundi mbaya. Alifanya walivyokuwa wakifanya mafundi wengi siku zile. Ampuli ina masikio ya chuma yanayoishika mahali pake, na hayo masikio hayakubali iingie vibaya. Yeye aliyakata kwa tupa ili aweze kuizungusha kidogo, mwanga uinuke upande wa kulia badala ya kushoto. Wazo lilikuwa zuri. Lakini ampuli isiyo na masikio inashikwa na nini? Na njia ya Sake wakati ule ilikuwa mashimo mpaka meno yanagongana.

Siku ile ya risasi tulikuwa tunatoka Sake na fromaji za Masisi, jibini tulizokuwa tukiuza, jua limeshazama nyuma ya milima. Vita vilikuwa vimekaribia na kila askari aliogopa kila kitu. Tulipokaribia barieri papa yako alifanya yote ambayo ungefanya wewe. Alipunguza mwendo, akashusha taa kwenye kode, akawasha taa ndogo ya ndani ili watuone nyuso.

Tukasikia sauti: "Kode! Weka kode!"

"Niko mu kode, chef!" akajibu papa yako, kichwa nje ya dirisha.

"Kode, nasema! Unanichezea?"

"Chef, njo kode hii! Haina ingine!"

Walidhani anawadharau. Nilimwambia, "Zima zote, Baba, zima zote," na mkono wake ulikuwa ukienda kuzima. Risasi ya kwanza ilivunja taa ya kushoto. Ya pili ilipita kwenye kioo.

Yule askari alipofika mlangoni na kumulika ndani kwa tochi, alisimama kama mtu aliyeamka mahali asipopajua. Kisha akasema, "Mama, sikuona mutu. Niliona taa tu." Alirudia maneno hayo huku akinisaidia kumsogeza papa yako kwenye kiti changu. Mimi niliwahi kuendesha gari uani tu, kulisogeza ili mvua isiloweshe mizigo. Siku hiyo niliendesha hadi hospitali na taa moja. Kila gari lililokuja mbele yetu lilinipigia honi na dereva akanitukana. Nilikasirika nao sana. Sikuelewa wananitukania nini. Papa yako hakufika akiwa hai.

Siku nyingi baadaye fundi mwingine aliitoa ampuli iliyobaki akanionyesha. Ndani yake kuna kikombe kidogo cha chuma, kinachozuia mwanga wa kode usipande juu. Kwa sababu masikio yalikatwa, mitikisiko ya njia ilikuwa imeizungusha ampuli mpaka kikombe kikageukia upande usio wake. Papa yako alipoweka kode, mwanga wote uliinuka moja kwa moja kwenye nyuso za watu, na kwa nguvu ile kubwa aliyoinunua. Alikuwa anasema kweli. Na askari naye alikuwa anasema kweli.

Nilipaswa kumsikiliza vizuri fundi huyo. Alisema: tatizo lilikuwa masikio. Mimi nilisikia: tatizo lilikuwa ukali. Mtu mwenye msiba huchukua sababu iliyo karibu na mkono. Nilimwambia anitafutie ampuli dhaifu kuliko zote alizo nazo, na tangu siku ile gari letu likawa na macho ya bibi kizee. Nilijifunza kuendesha, nikaendelea na biashara ya fromaji, nikajisifu moyoni kwamba hakuna mtu atakayepofushwa na gari la Mama Aline. Na kweli, hakupofushwa mtu. Ila mimi sikuona.

Ndipo mlima ukapasuka tena. Unakumbuka kuliko mimi, maana wewe ulikuwa nje na mimi nilikuwa ndani. Anga ilikuwa nyekundu nyuma yetu, lakini mbele, upande wa Sake, ilikuwa giza tupu, na barabara imejaa watu: magodoro, mbuzi, watoto migongoni, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, zimepakiwa masufuria. Chukudu haina taa, na mtu aliyebeba godoro haoni nyuma. Niliwasha taa ya juu nikaona mgongo mmoja. Nikaweka kode, sikuona kitu. Nilisimamisha gari katikati ya ule msongamano.

Wewe ulisema, "Mama, nipe telefone."

"Unaenda wapi?"

"Mbele."

Nilikuambia uvae shati lako la shule juu ya sweta, kwa sababu lilikuwa jeupe. Hilo ndilo agizo pekee lenye akili nililotoa usiku ule. Ulitembea mbele ya gari na kale kamwanga ka telefone, ukiwaambia watu, "Pole, papa, sogea kidogo, mama yangu haone," na mimi nikafuata shati jeupe. Kuna mzee alikuwa ameketi katikati ya njia juu ya begi lake, amechoka. Ulipiga bati la gari kwa mikono yote miwili na nikasimama. Ulimwinua. Uliendelea. Sikushuka hata kukukumbatia, niliogopa nikishuka sitaweza kupanda tena.

Baada ya hapo sikuzungumza nawe juu ya usiku ule, nawe hukuzungumza nami. Nilidhani umesahau, kwa sababu hukulia. Jumapili nilijua kwamba hukusahau, na kwamba ulikuwa sahihi. Mtoto hapaswi kuwa taa ya gari.

Kwa hiyo leo, ulipokuwa unapanga nguo zako, nilichukua kiboksi chako nikaenda nacho soko la Virunga, kwa muuzaji aliyekuuzia. Ni kijana mcheshi, unamfahamu.

"Mama," akasema, "hizi ziko na nguvu! Zinamulika mpaka Rutshuru!"

"Miye sitaki kumulikia batu ba Rutshuru. Nataka kumulikia shimo iko mbele yangu."

Wenzake walimcheka hadi akakaa chini. Lakini nilipomuuliza kwa upole alinieleza vizuri. Ampuli zako za feni si mbaya zenyewe. Ubaya ni kwamba taa ya gari letu ilichongwa kwa waya mmoja mdogo unaowaka mahali pamoja, na hizi zinawaka ubavuni, kwa hiyo mwanga unatawanyika huku na huku. Ukiwa kwenye usukani unaona kweupe mbele yako na kufurahi. Anayekuja haoni chochote. Nikamwuliza juu ya zile za nguvu kubwa kama za papa yako. Akasema nyaya za gari la zamani zitapata moto hadi plastiki iyeyuke. Nimechagua za aina ya tatu: nguvu ile ile iliyoandikwa kwenye taa yetu, lakini zimetengenezwa vizuri zaidi, na mwanga wake unafika mbali bila kula umeme mwingi. Zinachoka mapema kuliko za kawaida, kwa hiyo uwe na jozi nyingine kwenye gari.

Kisha nikafanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya miaka iliyopita. Nilisugua vioo vya taa kwa karatasi laini ya msasa na maji, halafu kwa dawa ya meno. Maji yalitoka ya njano kama chai. Aline, nadhani nusu ya giza letu lilikuwa kwenye kioo. Nilikuwa nalaumu ampuli, na barabara, na serikali.

Kuziweka si kazi ngumu, na nakuandikia hapa ili siku moja ikizimika huko porini usisubiri mwanaume apite. Zima gari, acha taa ipoe. Vuta plagi iliyo nyuma, toa mpira, bonyeza kile kiwaya kinachoshika ampuli mpaka kiachie. Ampuli mpya ishike kwenye chuma, kamwe si kwenye kioo chake. Kioo hicho hakitaki mafuta ya vidole, kikipashwa moto penye alama ya kidole kitapasuka. Mimi nilitumia kitambaa kisafi. Masikio yake matatu yana mahali pake, sikio pana linakaa juu. Ikikataa kuingia, ujue ni wewe umekosea. Usimruhusu fundi yeyote aikate. Akikuambia "mama, tunageuzaka tu kidogo," mwambie asante, chukua gari lako uondoke, hata kama ana cheti ukutani.

Kuhusu ule mwanga unaoinuka kushoto, nimebandika kipande kidogo cha utepe mweusi juu ya kioo mahali unapopitia, na nimeshusha taa zote mbili kidogo kwa bisibisi. Usikibandue ukidhani ni uchafu.

Jioni nilitaka kuzipima. Ukuta wetu ni wa mawe ya lava, ukiumulika hauoneshi chochote, kwa hiyo nilitundika shuka jeupe la kitanda changu, na Mama Solange wa jirani akaja kucheka.

"Mama Aline, leo muko na sinema?"

"Ingia mu gari, ukae ku usukani."

Aliingia, akanyoosha mgongo kama mke wa gavana. Mwanga ulikaa chini ya mstari niliouchora kwenye shuka kwa chaki, sawasawa kushoto na kulia. Nikatoa shuka. Nikatoka nje ya lango, nikasimama mbali barabarani, mahali ambapo askari angesimama, nikapiga kelele, "Kode!"

"Chef, sina dokima, sina karatasi!" Mama Solange akapiga kelele kutoka ndani. "Nina maharage ku moto! Niache nipite!"

Watu waliokuwa wanapita walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama katika mwanga huo na sikuinua mkono kukinga macho. Nilimwona usoni. Niliona kilemba chake, niliona meno yake, niliona hata kwamba ameacha kucheka kwa sababu alikuwa ameniona nami ninavyolia. Alishuka, akazima gari, akanishika bega hadi nilipomaliza. Hakuniuliza kitu. Yeye pia alikuwapo miaka hiyo.

Basi, ampuli ziko ndani. Zako za feni ziko kwenye kiboksi chake, nimezirudisha katikati ya nguo zako. Sikuzitupa wala sikuzirudisha dukani. Gari ni lako kuanzia kesho, na ukiona huko Kiwanja kwamba mimi nimekosea tena, una mikono na nimekueleza jinsi ya kubadilisha. Lakini kabla hujafanya hivyo, mwombe shangazi yako aketi kwenye usukani, wewe usimame barabarani mbele yake. Ukimwona uso, fanya unavyotaka.

Nimejaribu kufikiria nyumba hii wiki ijayo. Kaka yako aliondoka zamani, hata kabla ya ule usiku wa mlima, tukabaki wawili, na wawili ni nyumba bado. Mtu mmoja sijui ni nini. Nitapika kidogo, nitajifunza. Fromaji hazitoki tena kama zamani, na bila gari nitauza zile zinazoletwa hapa mjini. Usinihurumie. Nilikuwa mtoto wa shule aliyeamini kwamba kila swali lina jibu nyuma ya kitabu, na mpaka leo kuna sehemu yangu inayoamini hivyo. Sehemu hiyo inaamini kwamba utafanikiwa, na kwamba hii njia itafunguka siku moja watu wapite bila kuulizwa wanatoka wapi.

Kesho sitakuaga langoni. Nitapanda nawe hadi Kibumba, kisha nitashuka nirudi na motari wa pikipiki. Ukipinga nitakaa ndani ya gari mpaka uchoke. Unajua ile milima ya kule, malori ya makala yanavyopanda polepole kama ng'ombe mgonjwa. Dereva mwenye usukani wa kulia haoni mbele ya lori. Ni mtu wa kiti cha kushoto anayechungulia na kumwambia pita au ngojea. Papa yako na mimi tuliendesha hivyo miaka yetu yote: yeye mikono, mimi macho. Baada ya Kibumba kiti hicho kitakuwa na mizigo tu, na utalazimika kukaa nyuma ya malori, kuvumilia moshi wao, mpaka njia inyooke na uone mwenyewe. Tafadhali vumilia.

Lakini mpaka Kibumba niko nawe. Huna haja ya kuniomba msamaha, wala sitakuomba wako, tutachelewa bure. Tukifika nyuma ya lori la kwanza, uniulize tu, "Mama, kuko gari?" Nitachungulia, nitakujibu.

Anayekungoja mlangoni, na chakula kimefunikwa,
Mama yako